Ukuta Niliouziba kwa Saruji

Kazi yangu ya ujenzi ilianza kwa kosa la mnyapara. Nilikuwa nimekuja Karatu kutoka Singida kuchuma kahawa, mjane wa miaka ishirini na saba mwenye watoto wawili, na asubuhi hiyo nilipanga mstari na wachumaji wenzangu kama kawaida. Mnyapara alikuwa anahesabu watu huku anaangalia daftari lake. Akaona upande wa ujenzi umepungukiwa na mtu mmoja, akanishika bega na kunisukuma kule bila kunitazama usoni. Nilipofika, Fundi Mkuu alinikagua kuanzia miguuni, akauliza kama naweza kubeba maji. Nikamwambia kwamba tangu nipate akili sijafanya kazi nyingine.

"Basi beba," akasema. Usaili ukaishia hapo.

Fundi Mkuu huyo tulimwita Mzee Amnaay, ingawa wakati ule hakuwa amefika hata miaka hamsini. Alikuwa Mwiraqw wa Rhotia, mrefu, mkali, mtu wa maneno machache, na Kiswahili chake kilitoka kooni kama lugha ya kwao. Alikuwa na kazi nyingi shambani: mtambo wa kumenyea kahawa, mifereji, nyumba za kambi yetu sisi vibarua. Lakini kazi aliyoipenda, na ambayo hakumruhusu mtu kuigusa bila yeye kuwapo, ilikuwa ile nyumba ya juu, karibu na mpaka wa msitu, ambapo ukungu wa Ngorongoro hushuka asubuhi na wakati mwingine hauondoki hadi saa sita. Watu wote waliiita Nyumba ya Nyasi.

Nitaieleza vizuri, maana vijana wengi wa ufundi wanaonitembelea hawajawahi kuona nyumba ya namna hiyo. Ilijengwa na Mwingereza aliyefungua shamba lile enzi za ukoloni. Alitaka nyumba kama ya mama yake, nyumba ya kijijini kwao Uingereza, si bangaloo la bati kama walilojenga Wazungu wenzake. Chini palikuwa na msingi wa mawe uliopanda hadi magotini. Juu ya mawe ulilazwa mti mmoja mzito wa mwerezi kila upande, ambao sisi tuliuita mlalo. Juu ya mlalo zilisimama nguzo, na kati ya nguzo na nguzo ukuta ulijazwa fito na udongo, kisha ukapigwa lipu ya chokaa nje na ndani. Paa lilikuwa la nyasi, nene kuliko urefu wa mkono wangu, na lenye mwinuko mkali ili maji yasipate nafasi ya kukaa. Lilishuka chini sana, hata madirisha mawili ya darini yalionekana kama macho ya mtu aliyevuta kofia. Mlango ulikuwa mfupi. Mtu mzima aliingia kwa kuinama. Na upande wa mashariki palikuwa na dohani la mawe, pana kiasi kwamba ndani yake, pembeni ya moto, palikuwa na benchi la kukaa watu wawili na tanuri dogo la kuokea mkate.

Nilibeba maji miezi minne. Mwezi wa tano nikaanza kukoroga, na hapo ndipo nilipoijua chokaa.

Chokaa tuliyoitumia ilikuja kwa lori kutoka Tanga ikiwa mabonge, mawe yaliyochomwa tanuruni. Mzee Amnaay aliyatumbukiza kwenye shimo lenye maji nyuma ya ghala, na maji yale yalichemka yenyewe bila moto, yakirusha matone. Tone moja likikupata jichoni umepofuka, ndiyo maana tulifunga vitambaa usoni. Baada ya hapo shimo lilifunikwa na chokaa ikaachwa humo miezi, ikawa laini kama mtindi mzito. Ukitaka kupiga lipu unaichanganya na mchanga mkali na manyoya ya mbuzi yaliyokatwakatwa, ili yashike pamoja. Inakauka polepole. Ukiiharakisha inapasuka. Kwa mtu aliyezoea saruji, ambayo asubuhi unapiga na kesho unapaka rangi, chokaa ni mateso.

Siku moja Mzee Amnaay alinikuta nimeweka kiganja kwenye ukuta aliokuwa ameumaliza juzi yake, nikitaka kujua umekauka kiasi gani. Nilidhani atanifukuza. Akachukua mwiko wake wa akiba akanikabidhi, akanipeleka nyuma ya dohani, mahali penye giza ambapo hapana mtu anayepita.

"Piga hapa," akasema. "Ukiharibu, watakaokucheka ni panya."

Nilipiga lipu ile mara tatu na mara tatu aliikwangua. Ya nne akaiacha. Hakusema nzuri wala mbaya, lakini kuanzia wiki iliyofuata aliniita jina langu, Zainabu, badala ya kuniita "wewe wa maji". Nilifanya kazi chini yake miaka sita. Wanaume wa kambini walisema mengi kuhusu mwanamke anayepanda jukwaani, na yeye aliyasikia, lakini hakuwahi kuyajibu wala kunishusha.

Halafu shamba likabadilisha wenyewe, na akaja Meneja mpya. Sitamtaja jina, alikuwa kijana mwenye haraka na hakuwa mtu mbaya. Alitaka kuishi katika Nyumba ya Nyasi na hakupenda kila mwaka kupaka chokaa kuta, wala vumbi jeupe lililobaki kwenye koti lake alipoegemea. Alimwita Mzee Amnaay akamwambia ukuta wote wa nje upigwe saruji, kisha rangi ya mafuta, mara moja na kwa miaka mingi.

Mimi nilikuwapo, nimeshika ndoo. Mzee Amnaay alimweleza kwa utulivu kwamba ukuta wa fito na udongo hunywa maji kidogo mvua ikinyesha na kuyatoa jua likitoka, na chokaa huyaruhusu maji hayo kutoka. Saruji haiyaruhusu. Maji yataingia kwa ufa mdogo tu, yatakosa pa kutokea, na yataozesha mti. Meneja alisikiliza, kisha akasema kwamba nyumba zote za mjini ni saruji na zimesimama.

"Hizo ni za tofali," Mzee Amnaay akasema. "Hii ni ya miti. Mimi siifungi."

"Basi nitatafuta atakayeifunga."

Mzee Amnaay aliweka miko yake kwenye mfuko, akanitazama mara moja, akashuka njia ya shamba kwa miguu. Hakurudi tena.

Kesho yake Meneja aliniita mimi. Alisema ameona kazi yangu na anajua naweza. Akasema nikiikubali nitaandikwa fundi, na nikikataa atamleta fundi wa Arusha na hatakuwa na haja ya mimi kubaki kambini. Nilikuwa na watoto wawili na chumba cha kambi, sikuwa na pengine pa kwenda. Nawaeleza haya si kwa kujitetea. Nilijua nilichokuwa nafanya. Nilikuwa nimesikia kila neno la Fundi Mkuu, na nililielewa kuliko Meneja alivyolielewa.

Nilipiga saruji ile kwa muda wa mwezi mmoja, na ilikuwa kazi safi kuliko zote nilizowahi kufanya. Kona zilinyooka kama kitabu. Wageni walipokuja Meneja aliwaonyesha. Nami, Mungu anisamehe, niliona fahari.

Baada ya hapo nilikuwa fundi, na fundi hutumwa. Nilijenga nyumba ya pampu bondeni, nikajenga safu mpya ya vyumba vya kambi. Kisha mkandarasi mmoja akanichukua kujenga kuta za mawe za hoteli moja ukingoni mwa kreta, ambako mikono ilikufa ganzi kwa baridi na tulipasha maji kabla ya kukoroga. Msimamizi wa pale alikuwa mzee wa Kipare aliyepima kila kitu mara mbili, na alinifunza kusoma ramani ya jengo. Mwisho nikaenda Samunge, kwenye vilima vya Loliondo, kujenga madarasa ya shule. Kutoka Karatu hadi kule, lori letu lilishuka Olbalbal katika vumbi jekundu ambalo lilitubadilisha wote tukafanana, likapita vijiji vya wafugaji, na likachukua siku mbili. Kule saruji ilikuwa haba na maji yalikuwa haba zaidi. Nilijifunza kwamba fundi hujulikana kwa anachofanya akiwa amepungukiwa.

Nilikuwa Samunge nilipopata simu kutoka shambani. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita tangu nipige ile saruji. Meneja sasa alikuwa mwingine, mama wa makamo kutoka Moshi, na alikuwa amekuta jina langu kwenye kumbukumbu za nyumba. Aliniambia wanataka kuifanya Nyumba ya Nyasi kuwa ya wageni wa utalii, lakini ina harufu, na kona ya mashariki inalala. Akauliza kama naweza kuja kuitazama kabla mhandisi hajatoa uamuzi. Sikulala vizuri njia nzima.

Nilimkuta mhandisi amekwisha kuizunguka. Alikuwa mtu mwenye adabu, alinipa shikamoo. Maoni yake yalikuwa kwamba nyumba ibomolewe na mahali pake ijengwe nyingine ya tofali za saruji yenye sura ileile, iezekwe nyasi juu. Wageni hawatajua tofauti. Nilimsikiliza huku nimeutazama ukuta wangu. Rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Niliugonga kwa kifundo cha kidole kuanzia mlangoni hadi kwenye dohani, na karibu kote ulijibu kama debe tupu, maana yake saruji imeachana na kilichoko nyuma yake.

Nikaomba tindo na nyundo. Nilikata kipande cha ukubwa wa meza kwenye kona, nikakivuta. Saruji ilianguka nzima, bado ngumu, bado nzuri. Nyuma yake udongo ulikuwa tope jeusi. Niliingiza mkono, nikaushika mlalo wa mwerezi, mti ambao watu husema hauozi, na ulikatika vidoleni kama mkate uliolowa.

Kisha Meneja akaniambia, "Mama, niambie ukweli. Hii nyumba inaponyeka au haiponyeki?"

Nikamwambia ukweli kwa mpangilio wake. Kwanza, kwamba saruji ile niliipiga mimi, kwa mkono wangu, baada ya fundi aliyenifundisha kukataa. Pili, kwamba kilichoharibika ni ngozi na mguu mmoja. Nguzo za ndani ni nzima, paa ni zima, na nyumba inaponyeka. Tatu, kwamba nitaiponya mimi.

Mhandisi alisema kwa upole kwamba itakuwa hatari. Meneja alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima kama mimi ni mtu mwenye ujuzi au ni mtu mwenye majuto tu, na kwa kweli nilikuwa vyote viwili. Ilikuwa mwezi wa sita. Akasema ananipa hadi mvua za vuli. Mvua ikinyesha kona ikiwa bado wazi, itabomolewa.

Kesho yake nilikwenda Rhotia.

Nilimkuta Mzee Amnaay uani kwake anapura mbaazi, yeye na mke wake, Mama Paulo. Alikuwa amezeeka kweli sasa. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kwa kidevu fimbo ya tatu iliyoegemea ukutani. Nikaichukua. Tulipura mbaazi hadi jua likasogea upande wa pili, hapana mtu aliyeniuliza nimefuata nini. Mama Paulo alinipa uji nikanywa nimesimama. Tulipokaa chini ndipo akasema:

"Umekuja kuniambia nilikuwa sahihi?"

"Nimekuja kukuambia nilikosea, Mzee wangu. Na nimekuja kukuomba unifundishe kuirudisha."

"Hayo ni mawili. La kwanza nimelisikia."

Mama Paulo akamwambia jambo kwa Kiiraqw, fupi, na sikulielewa, ila niliona limemgusa. Baadaye Mama Paulo alinieleza mwenyewe. Alimwambia: siku ile nawe ulikuwa na mashamba ya kurudia; yeye alikuwa na nini?

Gari la shamba lilimfuata siku ya tatu. Alishuka akiwa na fimbo, akaizunguka nyumba, akagusa saruji yangu hapa na pale. Nilitegemea matusi, nikawa tayari kuyapokea. Akasema tu kwamba mkono ulikuwa mzuri, na akili ndiyo ilikuwa imelala. Kisha akaniuliza chokaa nitaipata wapi. Nikamwambia nimeagiza Tanga. Akacheka, mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Chokaa ya leo haiwezi kulainika kabla ya vuli, alisema, labda upige lipu ya wazimu inayopasuka yote.

Akatembea hadi nyuma ya ghala, akapima hatua kutoka ukutani, akachoma fimbo ardhini. "Chimbeni hapa."

Tulichimba hadi kiunoni tukakuta mbao, na chini ya mbao tukakuta shimo la chokaa, limejaa hadi juu. Alikuwa amelifunika siku chache kabla ya kuondoka, alipoanza kuona Meneja yule anaelekea wapi. Chokaa iliyozuiliwa hewa haifi. Miaka kumi na minne chini ya udongo mbichi ilikuwa imeifanya laini kuliko yoyote niliyowahi kushika, nyeupe, nzito, ikiteleza kwenye mwiko. Nilijifuta uso nikasema ni jasho.

Kazi ilianza kwa kubandua. Tulikuwa sita, na kati yetu wanawake wawili, mimi na Ester, msichana wa Kiiraqw aliyemaliza chuo cha ufundi na kukosa pa kuajiriwa. Saruji yote niliyoipiga kwa mwezi mmoja tuliitoa kwa miezi miwili, maana ukigonga kwa nguvu unaangusha na udongo mzima ulio nyuma. Mzee Amnaay alikuja kila gari lilipopatikana, akakaa kwenye kiti, akatukosoa. Katika kukosoa ndipo alipotusimulia habari za nyumba ile, ambazo miaka sita ya kufanya kazi chini yake sikuwahi kuzisikia.

Baba yake alikuwa mmoja wa waliojenga. Mwingereza alikuwa na picha ya nyumba ya mama yake, aliipigilia kwenye nguzo ili mafundi waione. Lakini yeye mwenyewe hakuwa fundi. Alikulia ndani ya nyumba ile bila kujua ndani ya ukuta wake mna nini. Alipoulizwa ukuta ujazwe kitu gani, alibaki anatazama picha. Wazee wale wa Kiiraqw wakasema, basi tutafanya kama kwetu. Wakasuka fito, wakakanyaga udongo na samadi ya ng'ombe, wakajaza.

"Mwingereza alijua inavyoonekana," Mzee Amnaay akasema. "Baba yangu alijua inavyosimama."

Miaka mingi baadaye mgeni mmoja kutoka Uingereza alituambia kwamba hata kule kwao, kuta za nyumba za vijijini za zamani zilijazwa fito, udongo na samadi vilevile. Watu wa pande mbili wasiojuana walikuwa wamefikia jibu moja.

Mwezi wa tisa tukafika kwenye mlalo. Kubadilisha mlalo ni kama kumbadilishia mtu kiatu akiwa amebeba gunia kichwani. Unaweka mihimili ya kushikilia nguzo, unainua kwa jeki kidogo kidogo hadi uzito uondoke kwenye mti mbovu, unautoa, unaingiza mpya. Mti mpya tuliupata kwenye ghala la kahawa lililokuwa linabomolewa, mwerezi wa umri uleule. Ester na mimi tulifunga timazi, uzi wenye risasi, ili kuona kama kona inahama.

Siku ya kuutoa mti mbovu, saa nne asubuhi, nyumba ilitoa sauti kama mtu anayeguna usingizini. Uzi wa timazi ukaanza kwenda pembeni. Muhimili wa kona ulikuwa unazama. Ardhi ya pale ilikuwa imelowa kwa miaka na ubao tuliouweka chini yake ulikuwa mdogo. Nyasi zikaanza kuporomoka kutoka kwenye ukingo wa paa. Nikawaamuru wote watoke, wakatoka. Mimi nilikuwa nimeshika jeki.

Watu huniuliza kwa nini sikutoka. Sikuwa shujaa, niliona tu kwamba jeki ile ikiachwa, kona inaanguka na dohani linaifuata. Niliizungusha nusu mzunguko, nikasikiliza, nikazungusha tena. Ester aliingia nyuma yangu bila kuitwa akiwa na ubao mpana wa kukanyagia jukwaani, akalala kifudifudi akausukuma chini ya muhimili wa pili, kando ya ule unaozama. Nilimwambia atoke. Akanijibu, "Zungusha, Mama." Nikazungusha. Uzi ukasimama, kisha ukarudi vidole viwili.

Tulipotoka nikakaa kwenye majani. Mhandisi alifika mchana akakuta ufa mpya kwenye dohani, mpana kama kidole. Akamwambia Meneja kwamba kwa ushauri wake kazi isimame hapo. Meneja akanigeukia, na nilijua nikisitasita tu, basi. Nikamwambia ufa wa dohani uko kwenye viungo, si kwenye mawe, na nitaufungua na kuujenga upya kwa chokaa. Nikamwonyesha pale muhimili ulipozama, na nikakiri kwamba kosa la ubao lilikuwa langu. Nikasema kuanzia sasa kila muhimili utakaa kwenye jiwe, na hatainua mtu jeki hadi mhandisi mwenyewe apime.

Mhandisi alifikiri, akavua kofia, akasema, "Kwa masharti hayo nitabaki." Alibaki kweli, siku nne, akilala kambini na kula ugali na sisi. Mlalo mpya uliingia siku ya tatu. Tuliugonga kwa nyundo ya mbao, ukatoa sauti ngumu.

Lipu tuliipiga mwezi wa kumi, tabaka tatu, ukungu ukitusaidia kuizuia isikauke haraka. Mvua ya kwanza ya vuli ilinyesha siku sita baada ya tabaka la mwisho, ikapiga ukuta wa mashariki mchana kutwa. Ukuta ukawa wa kijivu kwa maji. Nilisimama chini ya mwavuli wa Meneja nikiutazama hadi mvua ilipokatika. Kesho yake, jua lilipotoka, ukaanza kuwa mweupe kuanzia juu, polepole, kama kitambaa kwenye kamba.

Nilibaki na nyumba ile miaka kumi na moja zaidi, safari hii nikiwa Fundi Mkuu mwenyewe. Kazi yangu ya mwisho kubwa haikuwa ya mwiko. Meneja alitaka kibao cha historia mlangoni, na walichoandika ofisini kilisema nyumba ilijengwa na Mwingereza. Nikasema sitakipigilia. Tulibishana, kwa heshima, wiki nzima. Nilikwenda Rhotia, na Mzee Amnaay akakumbuka majina matano kati ya saba ya wale waliojenga. Kibao kilipakwa upya na majina yale matano. Tukamleta akione. Alisoma taratibu, akafika kwenye jina la baba yake, akasema limekosewa herufi moja. Mchoraji alikuwa ameshaondoka, ikabidi aitwe arudi kutoka mjini, na Mzee Amnaay alikataa kupanda gari hadi herufi ile ilipokaa sawa. Alifariki mwaka uliofuata. Mama Paulo bado yupo, na mavuno ya mbaazi hunikuta niko naye.

Sasa ninaishi chini, Karatu mjini, kwenye nyumba yangu ya tofali, na ndiyo, imepigwa saruji, maana ni ya tofali. Wanaosoma haya wasidhani nawaambia saruji ni adui. Nawaambia mjue mnachokifunika kabla hamjakifunika, na mkiamriwa kufanya kinyume cha mnachokijua, basi angalau msijidanganye kwamba hamkujua. Mimi ilinichukua miaka kumi na minne kulikiri hilo, na bahati yangu ilikuwa kwamba nyumba ilinisubiri. Nyingine hazisubiri.

Mwaka huu wenye shamba moja upande wa Oldeani walinitumia ujumbe. Wana nyumba ya zamani ya namna ileile na wanataka niende. Magoti yangu hayapandi tena jukwaa, nikamtuma Ester, ambaye sasa ana mafundi wanne chini yake. Siku ya pili akanipigia simu. Alisema ukuta wa magharibi unamtatiza. Ameugonga, haujibu kama mtupu wala kama mzima, na wenye nyumba wamesimama nyuma yake wanangoja jibu. Akaniuliza, Mama, nifungue au niuache?

Jibu lilikuwa linakuja mdomoni. Nililizuia.

"Mimi ukuta huo siuoni, Ester," nikamwambia. "Wewe unauona."

Nilisikia upepo wa kule kwenye simu, na mtu akikohoa. Kisha nikasikia anamwambia mtu wa pembeni yake, kwa sauti ya kazi, amletee tindo. Nikakata simu, nikarudi kupalilia maharage yangu.